Mpishi wa Mlimani na Safari ya Mchangani

Baba yangu, Leodegar, alipika kwa miaka kumi na minne, na sisi nyumbani hatukuwahi kuonja hata kijiko cha supu yake. Alikuwa mpishi wa safari za mlimani. Wageni waliokuja kupanda Kilimanjaro walikula mkate wake, supu yake ya maboga na kuku wake wa kukaanga huko juu kwenye baridi, kisha wakamwandikia barua za shukrani ambazo mama alizitumia kuwashia moto. Akirudi nyumbani kwetu Uru aliketi kwenye kiti chake na kusubiri kuletewa sahani, kama mwanaume mwingine yeyote wa kijiji. Kwetu, mwanaume akionekana ameshika mwiko na mke wake yupo, itasimuliwa kilabuni mwezi mzima. Baba hakupenda kusimuliwa.

Naitwa Hilda. Mimi ni mtoto wake wa pili na wa mwisho, ni mwalimu wa shule ya msingi, na nina hasira za karibu. Walionifahamu tangu utotoni wanasema nilizaliwa nimekunja uso. Nalisema hilo mapema kwa sababu hasira zangu zimo ndani ya habari hii, na sitaki mtu aje kudhani namsema baba peke yake.

Alianza kazi za mlimani mwaka 1986. Kabla ya hapo alikuwa mkulima wa kahawa, na baba yake pia, na wote waliozikwa kwenye kihamba chetu, shamba letu la ukoo. Kahawa ilipoanza kututupa mkono, na mji wa Moshi ukajaa kampuni za utalii zilizofunguliwa na kila mwenye Land Rover moja na mashine ya faksi, baba akaenda kuwa mpagazi. Alibeba jiko la mafuta ya taa kichwani miaka miwili. Mpishi wa msafara wao alikuwa mtu wa kulewa, na siku moja alishindwa kuamka, baba akapika. Tangu hapo hakubeba tena jiko.

Kaka yangu Tito alikuwa mtu wa injini. Tangu akiwa mdogo alijua gari kwa mlio wake kabla halijatokeza kwenye kona. Alikwenda Dar es Salaam kuuza vipuri, akanunua pikipiki, akawa anatutumia picha ameikalia huku amevaa miwani ya jua. Kisha picha zikaacha kuja. Mwezi wa tatu mwaka 2002 alishuka kwenye basi na begi moja, amevaa koti zito mchana wa jua kali. Alikuwa na UKIMWI. Naliandika neno hilo sasa bila kigugumizi, lakini wakati ule nyumbani kwetu lilikuwa halitamkwi. Tulisema ana kifua. Majirani nao walituuliza, "Kifua kinaendeleaje?", nasi tukajibu kinaendelea vizuri, na kila mtu akaenda zake akijua anachokijua.

Baba na Tito hawakuwa wamegombana. Walikuwa tu hawana maneno. "Umeamkaje?" "Salama, baba." Yakaisha hapo mpaka kesho yake. Baba aliposhuka mlimani alimletea chokoleti zilizobaki kwa wageni, akaziweka juu ya meza kando ya kitanda bila kusema kitu, na Tito akazila bila kusema kitu. Mimi na mama tulizoea kuwaona hivyo.

Mwezi wa saba tulikuwa tunatoka hospitali, baba, Tito na mimi, tukapita mtaa wa Soweto, pale pale Moshi, kwa fundi mmoja aitwaye Salehe. Baba alitaka jiko lake lizibuliwe. Uani kwa Salehe kulikuwa na pikipiki nne za ajabu, fupi, nene, kila moja ina matairi manne manono. Mzungu mmoja alikuwa amezileta kwa ajili ya watalii, kampuni yake ikafa, akaondoka na kuziacha mikononi mwa Salehe, naye akawa anazikodisha kwa wenye nafasi zao. Tito aliachia bega langu alilokuwa ameliegemea, akaenda kuishika ile nyekundu.

"Hii haidondoki," alisema.

"Haidondoki kabisa," alijibu Salehe. "Hata ukisinzia juu yake."

"Ya magurudumu mawili miguu yangu haiwezi tena kuishikilia. Hii nikichoka nakaa tu."

Salehe akamweleza kwamba wanaozikodi huzipeleka huko chini tambarare, mwendo wa saa tatu kwa gari, mahali ambapo upepo umekusanya mchanga mpaka ukawa vilima. Watu wanapiga hema, wanalala, asubuhi wanapanda na kushuka mchangani. Alisema kule unapunguza upepo kwenye matairi, maana tairi lililojaa linazama. Tito akamuuliza unapunguza kiasi gani, na injini inavuta hewa wapi ikiwa kuna vumbi vile, wakaanza maneno yao ya mafundi. Tito alicheka. Tangu alipotoka Dar sikuwa nimemsikia akicheka. Nilimtazama baba nikaona ameshika jiko lake kifuani, amesahau kilichomleta.

Kesho yake aliniomba daftari la shule. Alikaa nalo mezani siku nzima, na jioni akamwita mama.

"Mama Tito, tutasafiri. Sisi wanne. Tutalala siku mbili kwenye hema, Tito aendeshe ile mashine."

Mama yangu Kornelia si mtu wa kuzunguka. "Nyumba ya tofali umeijenga mwenyewe, bati umeezeka mwenyewe," alisema. "Leo unataka tukalale kwenye kitambaa?"

"Wazungu wanatoka kwao kuja kulala kwenye kitambaa."

"Wazungu hawana mgonjwa, baba Tito."

Baba akafungua daftari, akalifunga. "Nitapika mimi," alisema.

Mama alimwangalia. Walikuwa wameoana miaka thelathini na mmoja. "Utapika nini?"

"Kama ninavyowapikia wageni. Nyinyi mtakaa kwenye viti."

"Basi nitakuja nione," alisema mama, akarudi jikoni. Nilimfuata nikamkuta amesimama tu, hafanyi kitu, anatabasamu mbele ya masufuria.

Sijawahi kumwona baba na furaha kama wiki zile. Alipanga kama anavyopanga safari ya mlimani: idadi ya watu, idadi ya siku, kila mlo na uzito wake. Uji wa lishe wa Tito asubuhi. Mtori, supu yetu ya ndizi, kwenye chupa ya chai ili usipoe, kwa sababu Tito alikuwa na vidonda mdomoni na mtori unateremka bila kutafunwa. Madumu sita ya maji, maana mchangani hakuna mto. Godoro zima la Tito, si mkeka. Aliandika hata bisi za saa kumi na chai, kama wanavyopewa wageni wakifika kambini. Alipata gari la kukodi la rafiki yake na kupanga Ijumaa ya wiki ya pili ya mwezi wa nane. Mimi niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Baba naye kazini aliomba apumzike safari moja, jambo ambalo hakuwahi kuliomba hata mama alipokuwa anaumwa.

Alikwenda kwa Salehe mara tatu. Mara ya tatu nilikwenda naye, nikamkuta Salehe amechomelea chuma nyuma ya kiti cha ile nyekundu na kufunga mto wa sofa, ili mtu asiye na nguvu mgongoni aweze kuegemea. "Mzee Leo, mwambie Tito hii ni yake," alisema. "Breki zake nimezifanya mwenyewe." Baba naye akajaribu kuendesha moja, ili asije akamwacha mwanawe peke yake vilimani. Alizunguka ua mara moja vizuri, akapunga mkono, akaingia nayo kwenye tanuri la matofali ya jirani. Hakuumia. Tulimsimulia Tito akacheka mpaka akakohoa, na baba akacheka naye, wote wawili wakifuta machozi. Kwa mara ya kwanza niliona wanafanana.

Lile hema ndilo lililoharibu kila kitu.

Jumamosi, siku sita kabla ya safari, baba alileta hema kubwa la kulia chakula kutoka kwenye kampuni. Lilikuwa la bluu, la kuingiza watu kumi na wawili kwenye viti. Alitaka kuhakikisha nguzo zote zipo na kushona mahali palipotoboka. Asubuhi akalisimamisha mbele ya nyumba, akapanga viti ndani yake, na Tito akatoka akakaa humo kivulini, anampa vigingi kimoja kimoja. Alikuwa hajatoka nje wiki mbili. Mimi nilikuwa nafua, mama alikuwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe. Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo.

Mtu wa kwetu anajua nilichokuwa nimesahau. Uru turubai hufungwa mbele ya nyumba kwa mambo mawili tu, harusi na msiba. Harusi kila mtu anaijua miezi mitatu kabla, kwa sababu amechangishwa. Na nyumba yetu ilikuwa na kijana ambaye hajaonekana kanisani tangu Pentekoste.

Aliyeliona kwanza ni mama Justina, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, anayekaa ng'ambo ya mfereji. Yule mama hahitaji simu. Kabla nguo zangu hazijakauka nilisikia kilio kinakuja kutoka njia ya chini. Walikuwa wanawake ishirini na zaidi, kanga zimefungwa kiunoni, wengine na mikungu ya ndizi kichwani, wengine na mizigo ya kuni, wawili wamebeba sufuria lile kubwa la jumuiya. Walikuwa wanalia kwa jina. "Tito, umetuacha, Tito." Nyuma yao wakaja wanaume wakimya, wamebeba majembe na sururu.

Nilisimama na shati la Tito mikononi, linachuruzika maji.

Basili, jirani yetu wa juu, alimwendea baba moja kwa moja, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Pole, Leo. Pole sana, ndugu yangu. Mnataka tuchimbe wapi? Pale kwa mzee wako, au huku chini?"

Baba alikuwa na nyundo mkononi. Aliangalia majembe. Basili alidhani ni uchungu, akampigapiga begani, akaenda mwenyewe kati ya migomba akaanza kupima kwa hatua.

Ndipo Tito akatoka ndani ya hema, ameshika vigingi. "Shikamooni," alisema.

Kilio kilikatika. Mwanamke mmoja wa nyuma, ambaye hakuwa ameona, aliendelea kulia peke yake mpaka mwenzake akamshika mkono. Hakuna aliyeitikia ile shikamoo. Mama Justina alitua kuni zake chini taratibu.

"Tito, mwanangu," alisema. "Tuliona turubai."

"Nimeelewa, mama."

Basili alirudi kutoka kwenye migomba, uso umemshuka. Nadhani ni aibu iliyomfanya aseme kwa ukali. "Sasa hili turubai ni la nini, Leo?"

Watu wote walimgeukia baba, na Tito pia. Ilikuwa kazi ya sentensi moja. Nampeleka mwanangu kutembea. Mimi nilikuwa naingoja sentensi hiyo, nikawa naitamka mwenyewe moyoni ili imtoke. Lakini baba aliwaona wale wanaume na majembe yao, akawaza watakavyosema: kwamba mtoto yuko kitandani na Leodegar anakwenda kucheza na vipikipiki mchangani, tena akampikie mke wake huko. Nilimwona anawaza hivyo.

"Ni la kampuni," alisema. "Ni la kazi tu. Limetoboka, nalishona."

Tito aliviweka vigingi chini, kimoja kimoja, kama anavihesabu. "Ni la kazi tu," aliwaambia wale watu, akaingia ndani.

Wakaondoka bila kuagana vizuri. Mama Justina alikataza mtu yeyote kurudi na alichokuja nacho, maana chakula kilichopelekwa msibani hakirudishwi, ukikirudisha unaita msiba mlangoni kwako. Kwa hiyo mama alipotoka kukata majani alikuta mikungu tisa ya ndizi imelundikwa kwenye baraza, na kuni, na debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, na mume wake ameketi ndani ya hema tupu. Mimi ndiye niliyemweleza. Mama hakulia. Aliubeba mkungu wa kwanza akaupeleka jikoni, akarudi kuchukua wa pili.

Wiki ile tulikula ndizi za msiba wa mtu aliyekuwa anakula nasi. Asubuhi ni mtori, mchana ni kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage. "Angalau nimejua nani angeleta ndizi na nani angeleta kuni tu," alisema Tito siku ya kwanza, na nilicheka kwa sababu alitaka nicheke. Jumapili baada ya misa akamwambia baba, "Safari tuiache, baba. Sina nguvu."

"Sawa, baba," alisema baba yangu. Kwetu mtoto wa kiume huitwa hivyo na baba yake, kwa mapenzi. Hakumuuliza kitu kingine. Jumatatu alilirudisha hema, akapita kwa Salehe kumwambia mashine haitahitajika, akaenda ofisini kusema yuko huru. Kampuni ilikuwa na msafara Jumatano na mpishi wao alikuwa anaumwa, wakamwandika hapo hapo.

Nilikuwa na hasira naye zisizoelezeka. Sikuwa namsalimu zaidi ya shikamoo ya lazima. Niliona amemkana mwanawe mbele ya majembe, halafu amepokea neno la "sina nguvu" haraka haraka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Sasa mimi ni mtu mzima, nimeshazika wengi, najua kwamba hakutuliwa mzigo wowote. Lakini wakati ule sikujua.

Jumanne jioni nilitoka shuleni nikampelekea Tito uji. Alinishika kiganja.

"Hilda, mwambie baba nataka kwenda. Nilisema sina nguvu kwa sababu nilikasirika."

"Mwambie mwenyewe. Yuko hapo nje."

"Nikimwambia mimi atalia, na mimi nitalia, na wale watu watakuja tena na ndizi." Alipumzika kidogo. "Mwambie wewe. Wewe hulii."

Nikamwahidi. Nilitoka uani nikamkuta baba anafunga mzigo wa mlimani. Alikuwa ametandaza visu vyake juu ya taulo, ananoa kimoja kimoja. Nilisimama mbele yake na lile neno mdomoni. Akainua uso akasema, "Hilda, kuna chai?"

Basi. Ni hiyo chai tu. Nilijisemea, huyu mtu amemkana mwanawe Jumamosi, leo ananoa visu vya wageni, na bado anataka chai. Nikaenda nikaileta, nikaiweka juu ya kigoda kwa kishindo mpaka ikamwagika, nikaingia ndani. Nilijiambia atarudi Jumatatu, nitamwambia Jumatatu, mchanga hauendi popote. Nilitaka aondoke na uzito moyoni angalau kwa siku sita. Nilitaka aumie kidogo.

Jumatano asubuhi alisimama mlangoni kwa Tito na mfuko wake begani. "Nakwenda, baba. Jumatatu nipo." Tito alikuwa amefumba macho, labda alilala, labda hakulala. Baba aliposhuka njia ya chini, Tito akaniita.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia," nilisema.

"Akasemaje?"

"Amesema sawa. Akirudi Jumatatu mtakwenda."

Uso wa Tito ulifunguka. Sikujua kama mtu aliyekonda vile anaweza kuwa na uso mpana namna ile. Siku ile na siku iliyofuata alizungumza habari ya mchanga tu. Alimwambia mama atafute sweta mbili, kwa sababu tambarare usiku huwa na baridi ya udanganyifu. Alinituma kwa Salehe nikamwambie asiikodishe ile nyekundu wiki ijayo, na nikaenda kweli, nikamdanganya Salehe pia, naye akafurahi. Ijumaa Tito hakula. Jumamosi, jua lilipokuwa limeanza kuingia dirishani, aliniuliza ni siku gani, nikamwambia. Akahesabu kwa vidole mpaka Jumatatu. Mama alikuwa anambadilisha shuka alipokata roho.

Safari hii hakuna aliyekosea. Mama Justina alikuja na wenzake, na Basili alikwenda mwenyewe kuchimba karibu na babu, akachimba bila kuinua uso.

Baba alikuwa kambi ya juu kabisa. Ujumbe ulifika kwa redio ya upepo Jumamosi alasiri, na mkuu wa msafara akaukalia mpaka wageni walipomaliza kula, ndipo akamwita pembeni. Kwa hiyo kaka yangu alikuwa amelazwa kwenye sebule yetu, na baba yake anapakua supu. Jumapili aliteremka kwa siku moja njia ambayo wageni huteremka kwa siku mbili, peke yake, na saa tisa alitokea kati ya migomba akiwa na viatu vya matope. Tulizika Jumatatu.

Sikumwambia, na mama na Salehe hawakumtajia, maana walidhani ni yeye aliyekubali. Nilidhani nitamwambia baada ya kunyoa nywele za msiba, nikasema ngoja arobaini ipite, nikasema ngoja Krismasi. Kila siku iliyopita iliifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi. Na yeye alikuwa ameshatengeneza habari yake ya kuishi nayo. Nilimsikia akimwambia Basili, "Mtoto mwenyewe aliniambia hana nguvu. Nisingeweza kumlazimisha." Alilisema polepole, kama anayejaribu kiti kama kitambeba. Mlimani hakurudi tena. Alisema magoti yamechoka.

Mwaka mmoja ulipita. Mwezi wa nane uliofuata tulikuwa wawili shambani, anapunguza machipukizi ya migomba na mimi nakusanya majani. Aliniuliza tu, bila sababu, kama Tito aliwahi kusema kitu chochote siku zile yeye alipokuwa mlimani. Alikuwa ameshaniuliza hivyo mara nyingi, na mara zote nilijibu hapana.

"Alisema anataka kwenda," nilisema. "Alinituma nikwambie."

Panga lilisimama. "Lini?"

"Jumanne. Ile Jumanne jioni."

"Jumanne jioni nilikuwa nyumbani."

"Ndiyo, baba. Nilikuletea chai."

Nilimweleza yote, na uongo wangu nikamweleza, kwamba Tito alikufa akijua baba yake amekubali. Nilidhani hilo litakuwa faraja kwake. Kwangu mimi lilikuwa ndiyo faraja pekee niliyokuwa nayo. Nilikuwa nalia, mimi nisiyelia. Nilingoja anitukane, au anipige, ningeshukuru. Alisikiliza mpaka mwisho, akaliweka panga chini.

"Kwa hiyo siku zile zote alikuwa ananisubiri," alisema.

Baba akaketi chini kwenye majani, na mimi nikaketi mbali naye kidogo, mpaka mama alipotuita tukale.